Springi ngumu, nyanya laini: mkulima analipia safari asiyoiona

KWA mfanyabiashara wa nyanya anayepakia mzigo wake Ilula, wilayani Kilolo katika Mkoa wa Iringa, swali la kwanza kwa mwenye gari ni moja: linabeba matenga mangapi? Ni nadra kumsikia akiuliza gari hilo limefungwa springi za namna gani, kama shokapu zake bado zina nguvu au zimekwisha, au kama matairi ya nyuma yana upepo unaolingana na mzigo. Nauli hupangwa kwa tenga, mzigo unafungwa turubai, na gari linaondoka jioni ili liwahi Dar es Salaam kabla soko halijachangamka.

Kati ya Ilula na masoko ya Ilala, Buguruni na Mabibo kuna zaidi ya kilomita 400. Kuna mteremko wa Kitonga na kona zake, kuna matuta ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na kabla ya yote hayo kuna barabara ya vumbi kutoka shambani hadi kwenye lami, ambayo kiangazi hukunjamana kama bati. Katika safari yote hiyo, kinachosimama kati ya nyanya na barabara ni springi, shokapu na matairi basi. Kwa hiyo uamuzi unaofanywa gereji kuhusu vitu hivyo ni uamuzi wa kilimo, kama ulivyo uamuzi wa mbegu au wa dawa ya ukungu, ingawa hakuna anayeuita hivyo.

Uamuzi wenyewe, kwa sasa, unaelekea upande mmoja tu. Magari mengi yanayobeba mazao nchini, hususan Fuso na Canter, huingia yakiwa yametumika Japani. Mwenye gari akishalipia ushuru na usajili, kituo kinachofuata mara nyingi ni kwa fundi wa springi. Hapo huongezwa chuma kimoja, viwili au zaidi juu ya vile vilivyowekwa na kiwanda. Sababu inayotolewa ni kwamba gari "lisilale" likipakiwa. Na kweli halilali. Likiwa na mzigo linasimama wima, bodi iko juu, tairi haligusi mkingamo, na mwenye mali anaondoka akiamini kwamba gari lake sasa lina uwezo mkubwa zaidi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kupotea.

Springi za nyuma za malori haya ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa katikati. Ugumu wa springi hiyo hutegemea idadi ya vyuma, urefu wake na zaidi ya yote unene wake. Unene ukiongezwa kidogo, ugumu unaruka sana, kwa kuwa unakwenda kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Chuma cha milimita 12 kikiwekwa mahali pa cha milimita 10, ugumu wake unapanda kwa zaidi ya asilimia 70. Fundi anayechukua chuma kinene kutoka katika lori kubwa zaidi na kukikata ili kienee kwenye Canter hafanyi marekebisho madogo. Anabadilisha tabia ya gari zima.

Springi laini inayobonyea vizuri chini ya mzigo huachia bodi ipande na kushuka polepole, mara moja na nusu hivi kwa sekunde. Springi ngumu isiyobonyea hupeleka mtikisiko wa haraka, mara tatu au zaidi kwa sekunde, na kila mtikisiko ni mkali. Kwa mtunda uliojaa maji kama nyanya, tofauti hiyo ni kubwa. Utafiti mwingi wa usafirishaji wa matunda uliofanywa Marekani na kwingineko umeonyesha jambo lile lile: makasha yaliyo nyuma kabisa ya gari na yale ya juu ndiyo yanayoumia zaidi kwa mtikisiko, kwa sababu hapo ndipo mzigo unaporushwa na kudondoka tena. Nyanya za chini kwenye tenga nazo zina adha yake, kwa kuwa zinabeba uzito wa wenzake huku zikigongwa. Michubuko haionekani wakati wa kushusha mzigo. Inaonekana kesho yake, ngozi inapolainika na maji kuanza kuvuja.

Ubaya zaidi ni pale gari lenye springi zilizoongezwa linapokuwa na mzigo pungufu. Springi iliyotengenezwa kubeba tani 10 ikipewa tani 4, haifanyi kazi kama springi. Inakuwa kama gogo. Msimu wa nyanya unapokwisha na gari likapewa mzigo nusu wa karoti au pilipili hoho, mzigo huo mdogo ndio unaopigwa kuliko ule mkubwa. Utingo aliyesafiri nyuma kwenye gari tupu la namna hiyo anajua habari hii vizuri kuliko kitabu chochote.

Shokapu, kifaa kinachosahaulika

Kuna dhana iliyoenea kwamba shokapu ni kwa ajili ya starehe ya abiria, hivyo lori la mazao linaweza kuishi bila hizo. Ni dhana ghali. Springi haimalizi nguvu ya shimo au tuta. Inaihifadhi tu na kuirudisha. Anayeimaliza ni shokapu, kwa kuigeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake. Shokapu ikifa, gari likipita tuta moja linaendelea kuruka mara tatu au nne baada ya tuta, na kila mruko ni kipigo kingine kwa mzigo.

Jambo la pili linamhusu dereva moja kwa moja. Tairi linaloruka haligusi barabara, na tairi lisilogusa barabara halifungi breki wala halikati kona. Ndiyo maana lori lenye springi ngumu na shokapu mbovu huonekana imara likiwa limesimama na huwa la hatari likiwa kwenye mwendo. Kwenye barabara iliyokunjamana, sehemu ya nyuma huanza kutambaa pembeni yenyewe. Dereva hulazimika kukaza usukani, na wengine huamua kuongeza mwendo ili gari "lielee" juu ya mikunjo. Kwa dakika chache linaelea kweli, hadi itokee kona au mbuzi.

Springi za nyuma zikikazwa peke yake bila kugusa za mbele, uwiano wa gari unavunjika. Nyuma inainuka, sehemu ya uzito inaegemea mbele, taa hubadilisha mwelekeo, na kwenye kona iliyolowa nyuma ndiyo inayotangulia kuteleza. Mzigo uliopandishwa juu zaidi kwa sababu sasa "gari linaweza" huinua kitovu cha uzito, na upepo wa pembeni au kukwepa ghafla kunatosha kulilaza. Breki, kwa upande wake, haijui kwamba springi zimeongezwa. Gari lenye uzito uliozidi kwa asilimia 30 linahitaji breki zimalize nguvu iliyozidi kwa asilimia 30 kwa mwendo ule ule, na kwenye mteremko mrefu kama Kitonga nguvu hiyo yote hugeuka joto kwenye ngoma za breki.

Haya si ya kufikirika tu kwa watu wa utalii. Kampuni za Arusha zinazopeleka wageni Serengeti na Ngorongoro kwa Land Cruiser zilizorefushwa hukagua springi na shokapu mara kwa mara, kwa kuwa gari likimtikisa mgeni kutwa nzima malalamiko yanafika ofisini kabla ya gari lenyewe. Mtalii akitikiswa anasema. Nyanya hainung'uniki mpaka ifike Ilala.

Mizani inapima uzito, haipimi springi

Msomaji anaweza kuuliza kama mizani za barabarani haziwezi kulimaliza tatizo hili. Jibu ni kwamba zinasaidia upande mmoja.

Tangu Machi 1, 2019, Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Sheria hiyo inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari lote pamoja na mzigo wake, tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Ubishi juu ya uzito haukuanza na sheria hiyo. Oktoba 2013, John Magufuli akiwa Waziri wa Ujenzi aliposimamia kuondolewa kwa msamaha wa asilimia 5 kwa magari yaliyozidisha, wasafirishaji waligoma na foleni zikatanda kwenye mizani, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alipoingilia kati na kurudisha utaratibu wa zamani.

Sababu ya ukali wa sheria inaeleweka. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kati ya 1958 na 1960, yaliacha kanuni ambayo wahandisi wa barabara wanaitumia mpaka leo kama makadirio: madhara ya ekseli kwa barabara hupanda kwa uzito uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 13 dhidi ya ile ya tani 10 haileti madhara ya ziada ya asilimia 30. Inakaribia kuleta madhara mara tatu. Nani analipa tofauti hiyo? Anailipa kila anayenunua lita ya mafuta yenye tozo ya barabara ndani yake, akiwamo mkulima anayewasha pampu ya kumwagilia.

Hata hivyo, kipimo cha tani 10 kwa ekseli kimewekwa kuilinda lami. Hakikuwekwa kuilinda Canter. Gari dogo ambalo kiwanda kiliipa ekseli yake ya nyuma uwezo wa tani 5, likibebeshwa tani 8 baada ya kuongezwa springi, linaweza kupanda kwenye mizani huku namba ikisomeka vizuri chini ya kikomo cha barabara. Lami imesalimika. Chasisi, beringi, breki na mzigo havijasalimika. Bamba la kiwanda linalotaja uzito wa mwisho wa gari lipo palepale kwenye mlango au chini ya kiti, na kuongeza vyuma hakubadilishi hata tarakimu moja ya bamba hilo.

Isitoshe, namba ya mizani hupatikana gari likiwa linatambaa au limesimama. Gari hilo hilo likiwa kwenye mwendo na springi ngumu zisizo na shokapu, ekseli yake hupiga barabara kwa nguvu inayopanda na kushuka, na kilele chake ni kikubwa kuliko namba ya kwenye tiketi. Mradi wa kimataifa wa nchi za OECD uliokamilika mwaka 1998, uliohusisha majaribio ya kurudiarudia gurudumu juu ya barabara ya majaribio huko New Zealand, ulionyesha kwamba uzito ule ule ukibebwa na springi za chuma uliichosha barabara haraka kuliko ukibebwa na springi za upepo.

Umoja wa Ulaya ulilichukua jambo hilo na kulifanya sheria yenye zawadi ndani yake. Kwa maelekezo yake ya mwaka 1996, ekseli mbili za nyuma zilizoongozana kwenye lori la kawaida huruhusiwa tani 18, lakini ekseli inayosukuma ikiwa na matairi pacha na springi za upepo, au nyingine zenye ulaini unaolingana nazo, kikomo hupanda hadi tani 19. Ulaini huo umepewa vipimo: bodi isipande na kushuka zaidi ya mara mbili kwa sekunde, na shokapu ziwe na nguvu ya kutuliza iliyotajwa kwa kiwango. Kwa maneno mengine, mwenye gari analipwa tani moja ya ziada kila safari kwa kuitendea barabara vyema. Hapa Afrika Mashariki anayezidisha huadhibiwa, na hiyo ni sawa. Kinachokosekana ni faida kwa anayefunga vizuri.

Wenye magari-nyumba walivyojifunza

Kuna kundi jingine la watu huko huko Ulaya ambao hawana uhusiano wowote na nyanya, lakini wanapambana na tatizo lile lile kwa fedha zao wenyewe. Hao ni wamiliki wa magari-nyumba, yaani magari ya likizo yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo mengi hujengwa juu ya gari la mizigo la kawaida kama Fiat Ducato. Mengi yamesajiliwa kwa kikomo cha kilo 3,500, kwa kuwa huo ndio uzito ambao leseni ya kawaida ya daraja B imekuwa ikiruhusu. Ukishaweka matangi ya maji, friji, betri na baiskeli nyuma, kikomo kinafikiwa kabla familia haijapanda. Nyuma inalala, gari linayumba lori likipita karibu, na kwenye mzunguko linaegemea kama dau lililopakia upande mmoja.

Soko la vipuri limewajibu kwa maputo ya upepo yanayowekwa kusaidia springi za nyuma, springi mpya za mbele, vyuma vinene vya kuzuia kulala upande na shokapu bora. Kampuni kama Goldschmitt ya Ujerumani na VB-Airsuspension ya Uholanzi zimejenga biashara juu ya shida hiyo. Lakini funzo la msingi kutoka kwao halihusu kifaa. Ushauri wanaopewa wamiliki hao kwanza ni kwenda kupima kila ekseli peke yake gari likiwa limepakiwa kama linavyosafiri, kisha kupanga upya mzigo, kisha kuangalia upepo wa matairi na hali ya shokapu. Springi huja baada ya hapo. Na wanaambiwa wazi kwamba puto la upepo huinua nyuma ya gari, haliinui uzito ulioruhusiwa kwenye kadi. Anayetaka uzito zaidi anapitia ukaguzi na kuandikiwa upya.

Mtu anaweza kucheka kwamba huyo ni mstaafu anayekwenda likizo ufukweni. Lakini mstaafu huyo anafanya kitu ambacho mwenye Fuso ya mamilioni mengi hakifanyi: anapima kabla ya kufunga.

Hesabu iko mfukoni mwa nani?

Si haki kumtupia mwenye gari lawama zote. Springi zilizotengenezwa kwa barabara za Japani huvunjika kwenye mashimo ya barabara za vijijini, na chuma kimoja cha ziada kwa anayefanya kazi huko ni kinga ya kawaida. Nauli ni ndogo, vipuri ni ghali, na dalali anayejaza gari hulipwa kwa wingi wa matenga. Katika mazingira hayo kuongeza springi ni uamuzi wenye akili kabisa, kwa yeye anayeufanya.

Chukua mfano rahisi, wenye namba za kufikirika ili kuonyesha mwelekeo. Tuseme gari linabeba matenga 200 kwa nauli ya Sh5,000 kila moja, yaani Sh1,000,000. Baada ya kuongezwa springi linabeba 250 na nauli inafika Sh1,250,000. Mwenye gari amepata Sh250,000 za ziada kwa safari, na gharama ya fundi inarudi ndani ya safari chache.

Sasa tuseme tenga moja linauzwa Sh40,000 Dar es Salaam, na kwenye gari la awali matenga 5 kati ya 100 yalikuwa yakiharibika njiani. Gari lililokazwa, mzigo ukiwa umepandishwa juu zaidi, linaharibu 12 kati ya 100. Kwa matenga 250 hayo ni 30, badala ya 12 na nusu ambayo yangeharibika kwa kiwango cha zamani. Tofauti ni matenga 17 na nusu, sawa na Sh700,000. Sh250,000 zimepatikana upande mmoja, Sh700,000 zimepotea upande mwingine, na hasara inaanza mapema: yakizidi matenga sita na robo kati ya 250, yaani asilimia 2.5 tu ya mzigo, mnyororo mzima umekula hasara hata kabla ya kuhesabu mafuta, matairi na lami.

Nani anabeba hizo Sh700,000? Mwenye gari hapana, kwa kuwa amelipwa kwa yaliyopakiwa na wala si kwa yaliyofika mazima. Mfanyabiashara anazibeba mara ya kwanza tu. Safari inayofuata anakuja shambani akiwa ameshakata kiasi hicho kwenye bei anayompa mkulima, au anataka tenga lijazwe kupita mdomo wake ili kufidia zitakazopondeka. Ujazaji huo, ndugu yake lumbesa ya viazi na vitunguu, hupigwa vita kila mwaka na Wakala wa Vipimo, na ni sawa upigwe vita. Lakini sehemu ya mzizi wake iko chini ya bodi ya lori. Mkulima anaiona lumbesa. Springi haioni, na kwa hiyo halalamikii springi.

Yanayowezekana msimu huu

Hatua yenye nguvu zaidi haihitaji kifaa kipya hata kimoja. Ni kubadili namna ya kulipa nauli, ili sehemu yake, hata moja ya kumi, ilipwe sokoni kwa idadi ya matenga yaliyofika mazima. Mfanyabiashara mmoja hawezi kulazimisha hilo msimu unapopamba moto na magari ni machache. Vyama vya ushirika vya msingi na vikundi vya wakulima vinavyokusanya mzigo pamoja vinaweza, kwa kuwa anayejaza magari matano kwa wiki ana sauti ambayo mwenye matenga 40 hana. Siku nauli itakapoanza kutegemea kilichofika, mwenye gari mwenyewe ndiye atakayekwenda gereji kuulizia shokapu.

Makubaliano hayo yana ugumu wake. Nyanya iliyochumwa ikiwa imeiva mno itapondeka hata kwenye gari jipya, na dereva hawezi kubebeshwa kosa la shambani. Kwa hiyo lazima mzigo ukaguliwe na pande zote mbili wakati wa kupakia, na kukubaliana juu ya hali yake. Hilo lina usumbufu, na wengine wataliacha kwa sababu hiyo tu.

Kwa upande wa gereji, kazi inayolipa haraka ni ya kawaida sana: kurudisha idadi ya vyuma karibu na ile ya kiwanda, kubadilisha shokapu mbili za ekseli moja kwa pamoja badala ya ile iliyovuja tu, kubadilisha bushi zilizolika, na kukaza upya bolti zinazoishika springi kwenye ekseli baada ya kilomita chache za mwanzo, kwa sababu vyuma vipya hukaa na bolti hulegea. Anayelazimika kubeba uzito unaobadilika anaweza kufunga springi msaidizi, ile inayokaa juu ya springi kuu bila kugusa hadi mzigo uzidi kiasi fulani. Gari tupu linabaki laini, gari lililojaa linapata msaada. Malori mengi hutoka kiwandani na mpango huo, kisha fundi huuvunja kwa kukaza vyote viwe kitu kimoja.

Springi za upepo zinastahili mahali pake, lakini si kila mahali. Baadhi ya malori ya Kijapani huja nazo, na huko hutumika kubeba vitu visivyotaka mtikisiko. Kwa gari linalotembea lami kati ya Iringa na Dar es Salaam, kuzing'oa na kufunga vyuma ni kutupa mali. Kwa gari linaloingia shambani kwenye matope na mawe, maputo na mabomba yake ya upepo yatapasuka mapema, na vyuma vilivyopangwa vizuri ni chaguo bora. Jibu mojawapo ni kugawa safari: gari dogo gumu litoe mzigo shambani hadi kituo cha kukusanyia kando ya lami, na gari laini lichukue kutoka hapo. Gharama ya kushusha na kupakia tena haiepukiki, na ndiyo maana mpango huo unafaa pale tu nyanya zikiwa kwenye makasha ya plastiki yanayobebana yenyewe, ambapo uzito wa kasha la juu unakaa kwenye kingo za la chini bila kuzigusa nyanya.

Serikali nayo ina mambo mawili mkononi. Askari wa usalama barabarani wanaokagua taa na matairi wanaweza pia kuangalia kama shokapu ipo na haivuji, na kama vyuma vya springi vimepita idadi ya kawaida ya gari la aina hiyo. Ni kazi ya kuinama kwa dakika moja. Jingine ni kupeleka kwenye meza ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hoja ya kuwapa nafuu wanaofunga springi zisizoumiza barabara, kwa vipimo vinavyoweza kukaguliwa. Nafuu hiyo si lazima iwe tani. Inaweza kuwa ada ndogo ya leseni, au ushuru mdogo kwa shokapu na maputo ya upepo yanayoingizwa kwa ajili ya malori.

Zipo pia barabara zenyewe. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, ndio wenye barabara nyingi za kutoka mashambani, na mikunjo ile kama bati hurudi wiki chache baada ya greda kupita ikiwa magari yanayopita yana springi ngumu na mwendo mkubwa. Magari huikunja barabara, na barabara nayo huua shokapu za magari. Kati ya hivyo viwili, shokapu ndiyo inayobadilishwa kwa nusu siku na kwa fedha za mtu mmoja, na mfanyabiashara anayepakia Ilula jioni ya leo anaweza kuanza kwa kuinama nyuma ya tairi la Fuso na kuangalia kama imelowa mafuta.